Tumwite Padre Sasa, au Tungoje Hali Iwe Mbaya?

*"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mama yangu ana miaka 74. Moyo wake umekuwa dhaifu kwa muda mrefu, na madaktari wamesema kwamba baada ya wiki tatu atafanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa vali. Anatembea kwa shida, lakini akili yake ni timamu, anasali rozari kila siku na hupokea Komunyo anapoletewa nyumbani. Mimi nataka padre aje ampe Mpako wa Wagonjwa kabla hajalazwa. Kaka yangu mkubwa amekataa kabisa. Anasema Mpako ni wa mtu anayekata roho, na mama akimwona padre na mafuta atajua amekwisha, atashtuka, na sisi ndio tutakuwa tumemuua. Anasema tungoje, na hali ikiwa mbaya tutaita. Lakini hivyo ndivyo tulivyofanya kwa baba miaka sita iliyopita. Tulingoja, na padre alipofika baba alikuwa amekwisha kufa kama saa nzima. Padre aliomba tu, hakumpaka. Tangu siku hiyo sina amani. Je, baba alipotea kwa sababu yetu? Na je, mama akipakwa sasa kisha akapona, hatakuwa ameutumia Mpako wake, akaukosa siku ya mwisho? Mama mdogo naye ameleta chupa ya mafuta yaliyobarikiwa, anasema yanatosha, tumpake sisi wenyewe."*

Milele na milele, amina. Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kwamba maswali yako yote yana mzizi mmoja, nao ni neno "mwisho". Kaka yako anaogopa kwa sababu ya neno hilo, wewe umekosa amani kwa sababu ya neno hilo, na hata wasiwasi wako kwamba Mpako huenda ukatumika ukaisha umetoka hapo hapo. Nitatangulia kukupa jibu mnalolihitaji wiki hii, kisha nilieleze kwa utaratibu. Mama yako anaweza kupewa Mpako wa Wagonjwa sasa, tena wakati huu ndio unaofaa, kabla ya upasuaji, akiwa nyumbani na akili yake timamu. Akipona na siku nyingine akaugua tena sana, atapewa tena. Na Kanisa halifundishi mahali popote kwamba mtu hupotea kwa sababu padre alichelewa njiani.

Kuhusu kaka yako, ni rahisi kumwona mkaidi, na hiyo si haki. Anachokisema amekirithi. Kwa karne nyingi sakramenti hii iliitwa Mpako wa Mwisho, na babu na bibi zetu walilijua jina hilo tu. Walichokiona kwa macho yao ni kwamba padre aliingia chumbani, na baada ya muda mfupi kilio kikasikika. Mtoto aliyekua akiona hivyo mara tatu au nne hawezi kulaumiwa akifikiri kwamba padre ndiye anayetangulia, na jeneza linafuata. Papa Fransisko mwenyewe aliigusa hofu hii katika katekesi yake ya tarehe 26 Februari 2014, aliposema kwamba watu huacha kumwita padre wakidhani kwamba ataleta mkosi au atamtisha mgonjwa, kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba wazishi huja nyuma ya padre. Kwa hiyo kaka yako hayuko peke yake, na msimjibu kana kwamba imani yake ni haba. Mwonyesheni tu jinsi mambo yalivyofika hapo.

Mwanzoni hayakuwa hivyo. Injili ya Marko, sura ya 6 aya ya 13, inasema kwamba Mitume walipotumwa waliwapaka mafuta wagonjwa wengi wakawaponya, na hao hawakuwa watu waliokuwa wakikata roho. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unauliza kama kuna mtu miongoni mwa waamini aliye mgonjwa, kisha unaagiza awaite wazee wa Kanisa, yaani mapadre, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Na unaahidi kwamba sala ya imani itamwokoa mgonjwa, Bwana atamwinua, na kama ametenda dhambi atasamehewa. Tazama jambo moja ambalo wengi hulipita: anayewaita wazee ni mgonjwa mwenyewe. Yakobo anamfikiria mtu mwenye sauti na akili, anayejua anaumwa na anayeomba msaada. Mtu aliyezimia hawezi kumwita yeyote.

Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza alipoulizwa na askofu mmoja wa Italia kuhusu maneno hayo ya Yakobo, alijibu kwamba yanawahusu waamini wagonjwa, na kwamba mafuta yake hubarikiwa na askofu. Hakutaja saa ya kufa. Kilichobadilisha mambo ni historia ya Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi. Zamani kitubio cha hadhara kwa dhambi kubwa kilikuwa kigumu sana na kilitolewa mara moja tu maishani, hivyo watu walikiahirisha mpaka karibu na kifo ili wasije wakakipoteza. Na kwa kuwa Mpako ulitolewa kwa aliyekwisha kupatanishwa, nao ukavutwa taratibu mpaka ukingoni mwa kifo. Kufika karne ya 12 jina la Mpako wa Mwisho lilikuwa limeenea. Watu wakaongeza na yao: walikuwapo walioamini kwamba mtu aliyepakwa akipona hapaswi tena kuishi na mwenzi wake kama mume na mke, kwa sababu amekwisha hesabiwa miongoni mwa wafu. Ndipo utakapoona kwa nini mtu mwenye akili zake alingoja mpaka pumzi ya mwisho.

Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1439, ulisema sakramenti hii itolewe kwa mgonjwa anayehofiwa kufa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulikuwa mpana zaidi: ulifundisha kwamba ni ya wagonjwa, hasa wale walio katika hatari kiasi cha kuonekana wamefika mwisho wa maisha, na kwamba akipona akaangukia tena katika hatari kama hiyo anaweza kupewa tena. Neno "hasa" si sawa na neno "tu", lakini desturi ya watu ilishika "tu". Ndiyo sababu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 73, ulisema waziwazi kwamba jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika dakika za mwisho, na kwamba mwamini anapoanza kuwa katika hatari ya kifo kwa sababu ya ugonjwa au uzee, wakati wa kuipokea umekwisha kufika. Kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inatumia neno lile lile, "anapoanza". Hapo ndipo kaka yako na Kanisa wanapopishana. Yeye anataka hatari iwe imekamilika. Kanisa linataka padre aitwe hatari inapoanza.

Sasa tumtazame mama yenu. Ana miaka 74, moyo wake ni dhaifu, anakwenda kupasuliwa kwa sababu ya ugonjwa mzito. Utaratibu wa sakramenti hii, ambao Papa Paulo wa Sita aliupitisha tarehe 30 Novemba 1972, unasema wazi kwamba mgonjwa anaweza kupakwa kabla ya upasuaji iwapo sababu ya upasuaji huo ni ugonjwa wa hatari, na kwamba wazee waliodhoofika sana wanaweza kupakwa hata kama hawana ugonjwa mkubwa unaojulikana. Kwa hiyo hapa hatutafuti ruhusa ya pekee. Hali ya mama yenu inaingia katika mifano iliyotajwa. Asingefaa kupakwa kama angekuwa anakwenda kung'olewa jino, au kama angekuwa na mafua, kwa sababu sakramenti hii si baraka ya kila maumivu, na hilo nalo nalisema kwa sababu siku hizi wapo wanaopotoka upande wa pili, wakapanga mstari kupakwa wakiwa wazima.

Ni vizuri pia mjue hasa kinachofanyika, maana hofu hupungua mtu akishajua kitakachotokea. Padre ataingia, atawasalimu, na ikiwezekana atamwungamisha mama kwanza, nanyi mtatoka nje kidogo. Mkirudi litasomwa Neno la Mungu, mara nyingi ni lile la Yakobo au mojawapo ya habari za Yesu kuwaponya wagonjwa. Kisha padre atamwekea mama mikono kichwani bila kusema neno lolote. Kimya hicho huwashangaza wengi, na kwangu mimi ndicho kipindi kizito kuliko vyote. Halafu atafungua kichupa kidogo, mara nyingi cha chuma, ambacho ndani yake mna pamba iliyolowa mafuta ya mzeituni au ya mmea mwingine, yale yaliyobarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma wakati wa Juma Kuu. Atachovya dole gumba, atampaka kwenye paji la uso, kisha kwenye mikono yote miwili. Basi. Hayafiki hata kijiko.

Sikilizeni na maneno yake. Zamani padre alipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, na kila mahali aliomba mgonjwa asamehewe dhambi alizozitenda kwa kiungo hicho. Ilisikika kama hesabu ya kufunga kitabu. Tangu 1972 maneno yamerudi kwa Yakobo: padre anaomba kwamba kwa mpako huo mtakatifu na kwa huruma yake kuu, Bwana amsaidie mgonjwa kwa neema ya Roho Mtakatifu, kisha amweke huru na dhambi, amwokoe na amwinue. Hakuna neno hata moja la kuaga. Mama yenu mwenyewe ndiye atakayejibu "Amina", na hilo ndilo jambo ambalo baba yenu alilikosa, na ndilo ninalotaka mama alipate.

Je, mafuta hayo yatamponya moyo? Hapa nitasema kwa uangalifu, kwa sababu nimeona familia zilizodanganywa na watu wanaotumia jina la Mungu. Kanisa linaomba kweli uponyaji wa mwili, na linaamini kwamba Mungu anaweza kuutoa ikiwa unafaa kwa wokovu wa mgonjwa. Lakini halimwahidi mtu yeyote kwamba akipakwa atapona, na halijawahi kumwambia mgonjwa aache dawa au aahirishe upasuaji. Padre atakayewaambia hivyo mkimbieni. Lililo hakika ni hili: Roho Mtakatifu humpa mgonjwa nguvu, utulivu na ujasiri wa kubeba mzigo wa ugonjwa, humsaidia asishindwe na vishawishi vya kukata tamaa, ambavyo usiku wa kuamkia upasuaji huja hata kwa watu wa sala, humwunganisha na mateso ya Kristo, ili maumivu yake yasiwe ya bure, humwondolea dhambi iwapo hakuweza kuungama na ana majuto, na kama safari yake imefika, humwandaa aivuke vizuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayaeleza haya kuanzia namba 1520 hadi 1523. Ndiyo maana Mpako umewekwa pamoja na Kitubio, na hizo mbili huitwa sakramenti za uponyaji.

Tukirudi kwenye hofu ya kaka yako kwamba mama atashtuka: sitaidharau. Mwulizeni daktari wake kama kuna sababu ya kitabibu ya kuogopa ugeni wa namna hiyo. Anaweza kuwaambia ni saa ngapi mama huwa na nguvu, au watu wangapi wawe chumbani. Lakini niwaambie nilichokiona katika miaka ya kuwahudumia wagonjwa. Wakati fulani watoto wa mzee mmoja walinizuia mlangoni, wakaniomba nivue stola, ule utepe mrefu wa ibada ambao padre huvaa shingoni, na nijifanye nimepita tu kusalimia, kwa sababu baba yao hakujua kwamba anaumwa sana. Niliingia bila stola. Mzee alinitazama, akawatazama watoto wake waliosimama nyuma yangu, akaniuliza, "Padre, mafuta umeyaleta? Nimekungoja tangu Jumapili." Kisha akaifungua mikono yake mwenyewe, viganja juu, akaiweka juu ya shuka. Alikuwa akijua siku zote. Alinyamaza ili asiwatishe wao, nao walinyamaza ili wasimtishe yeye, na katikati yao kila mmoja alikuwa peke yake.

Mama yenu anajua kwamba anakwenda kufunguliwa kifua. Mtu anayesali rozari kila siku amesema "sasa na saa ya kufa kwetu" mara hamsini na zaidi kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Sidhani kama kuna kitu mnamficha. Kwa hiyo msimpangie kisirisiri, na msimshtukize kwa padre mlangoni, maana hapo kaka yako angekuwa na haki ya kulalamika. Mwambieni. Wewe unaweza kukaa naye jioni na kumwuliza kwa maneno mepesi: "Mama, kabla hujaenda hospitali, ungependa Padre aje akuombee na akupake mafuta ya wagonjwa, ili uende ukiwa na nguvu?" Kisha umwachie nafasi ajibu. Ni sakramenti yake. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho, si wewe wala kaka yako. Akikataa, msimlazimishe. Akitaka afikiri, ana wiki tatu.

Kuhusu mahali, mna njia tatu, na hazilingani. Kupakwa nyumbani siku chache kabla ya kulazwa ndiko ninakokupendelea zaidi, kwa kuwa kuna utulivu, mama anaweza kuungama bila mtu wa kitanda cha jirani kusikia, na ninyi nyote mnaweza kuwapo, pamoja na kaka yako, ambaye nadhani akiona kwa macho yake atabadilika kuliko akihubiriwa. Njia ya pili ni Misa ya wagonjwa parokiani, kama ipo karibuni. Parokia nyingi huifanya kila mwaka karibu na tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani. Uzuri wake ni kwamba mama ataona wengine wengi wakipakwa na kurudi nyumbani kwao, na hilo peke yake huvunja ile dhana ya hukumu ya kifo. Ubaya wake ni safari na msongamano kwa mtu mwenye moyo dhaifu. Njia ya tatu ni hospitalini, asubuhi ya upasuaji au usiku wake. Inawezekana, na makasisi wa hospitali wamezoea. Lakini kuna vipimo, kuna wauguzi wanaoingia na kutoka, kuna dawa za kumtuliza zinazomfanya asinzie, na upasuaji ukiwahishwa kwa saa mbili padre anaweza kukuta kitanda kitupu. Mkiweza, msiiache mpaka huko.

Chupa ya mama mdogo niiseme kwa heshima, kwa sababu ameileta kwa upendo. Mafuta yaliyobarikiwa kwa ibada ya kawaida ni kisakramenti, yaani kitu kilichobarikiwa cha kusaidia sala lakini si sakramenti yenyewe, kama maji ya baraka. Mwamini anaweza kuyatumia kwa sala na imani, na hayana dhambi. Lakini si Mpako wa Wagonjwa, na hayawezi kuwa, hata yakipakwa na mtu mtakatifu. Sakramenti hii hutolewa na askofu au padre tu. Shemasi hawezi, katekista hawezi, mhudumu wa Komunyo hawezi. Sababu yake imo katika sakramenti yenyewe, kwani inaondoa dhambi, na mamlaka hayo Kristo aliyaweka katika daraja ya upadre. Msikae mkapaka paji la uso na viganja huku mkiiga maneno ya padre, hata kwa nia njema, kwa sababu mama anaweza kufikiri kwamba amekwisha kuipokea sakramenti wakati hajaipokea. Mama mdogo aombwe kuongoza rozari siku padre atakapokuja. Itamfaa mama kuliko chupa.

Na kama akipakwa sasa, ataukosa siku ya mwisho? Hapana. Kuna sakramenti tatu ambazo hupokelewa mara moja tu kwa sababu huacha alama isiyofutika rohoni, nazo ni Ubatizo, Kipaimara na Daraja. Mpako haumo. Mgonjwa akipona na baadaye akaugua tena sana, hupakwa tena. Hata katika ugonjwa ule ule, hali ikizidi kuwa mbaya, anaweza kupakwa tena. Kwa hiyo mama akipakwa wiki hii, na upasuaji ukafanikiwa, na baada ya miaka kumi akafikia uzee wa kulala kitandani, mwiteni padre tena bila kusita.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ni kwamba sakramenti iliyo ya saa ya kufa kwa maana kamili si Mpako. Ni Ekaristi. Komunyo anayopewa mtu anayeondoka katika maisha haya huitwa masurufu ya safari, kama chakula anachofungashiwa msafiri, na Kanisa linataka mwamini asiikose awapo bado na uwezo wa kumeza, hata tone la Damu ya Kristo tu. Masurufu hayo yanaweza kuletwa na shemasi au mhudumu wa Komunyo ikiwa padre hapatikani. Nimekutana na familia zilizohangaika usiku kutafuta mafuta na hazikufikiri kabisa juu ya Hostia.

Sasa nije kwa baba yako. Nimeliweka swali hili mwishoni kwa sababu nilitaka ulisome ukiwa umekwisha kujua Mpako ni kitu gani. Padre aliyefika akakuta baba amekufa kwa saa nzima, akaomba bila kupaka, alifanya sawasawa. Sakramenti ni za walio hai. Panapokuwa na shaka kama mtu bado yu hai, padre humpaka, na kanuni ya 1005 inamwambia afanye hivyo. Lakini pasipo shaka, anachoweza kumpa marehemu ni sala, na sala si kitu kidogo. Hakumnyima baba yako kitu kwa ukali.

Kanisa linafundisha, katika namba 1257 ya Katekisimu, kwamba Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya Ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Linafundisha pia kwamba majuto yatokayo katika kumpenda Mungu kuliko vyote, pamoja na nia ya kuungama mara iwezekanapo, huondoa hata dhambi za mauti. Majuto kama hayo hayahitaji saa nzima wala sauti. Huweza kupita moyoni mwa mtu ambaye watoto wake walio pembeni wanadhani hasikii tena. Mimi sikumjua baba yako na siwezi kukuambia aliyokuwa nayo moyoni. Ila naweza kukuambia kwamba Mungu aliyemwumba hakuwa akimngoja padre afungue mlango ndipo amhurumie. Wala hukumu yake haikutegemea msongamano wa barabarani.

Utauliza, kama ni hivyo, padre wa nini? Kwa sababu Kristo ametupa sakramenti kama ishara tunazoweza kuzishika, ili mgonjwa asibaki akikisia kama amesamehewa, bali asikie kwa masikio yake na aguswe kwenye ngozi yake. Baba yenu alikosa faraja hiyo, na ni halali kulisikitikia jambo hilo. Kulisikitikia si sawa na kujihukumu. Mlichelewa kwa hofu na kwa kutokujua, hamkumfungia padre mlango kwa chuki. Kama dhamiri bado inakusumbua, liungame mara moja, ulisikie neno la msamaha, na usilirudie kila Kitubio kana kwamba Mungu hakusikia. Mwombee baba, mtolee nia ya Misa, mkumbuke hasa tarehe 2 Novemba. Upendo wako bado una njia ya kumfikia. Na kama baada ya miaka sita usingizi bado unakatika, au kila ugonjwa wa mama unakurudisha kwenye kitanda kile cha baba, usibaki na barua hii tu. Mtafute paroko wako mkae ana kwa ana, na usione haya kumwona pia mshauri au daktari anayeshughulika na watu waliofiwa.

Kwa hatua za wiki hii, nenda ofisi ya parokia au mpigie paroko, umweleze umri wa mama, ugonjwa, tarehe ya upasuaji, na kwamba ungependa aungame, apakwe na apokee Komunyo siku hiyo hiyo. Usimwambie tu kwamba "mama anaumwa", kwa sababu padre anapanga ratiba yake kwa uzito wa alichoambiwa. Uliza pia ni nani anayehudumia hospitali atakakolazwa, uandike namba yake, na umpe kila mmoja wa familia, kaka yako akiwa wa kwanza. Kama kabla ya siku iliyopangwa mama ataanza kukosa pumzi, kuvimba ghafla, kuumwa kifua au kuzimia, kwanza mkimbizeni hospitali, kisha mpigieni padre mkiwa njiani, saa yoyote, hata usiku wa manane. Akiwa amepoteza fahamu bado anaweza kupakwa, kwa kuwa mtu aliyeishi imani yake kama mama yenu huhesabiwa kwamba angeomba kama angeweza kusema.

Siku padre atakapokuja, andaeni meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Kama mama anatumia oksijeni, msiwashe mshumaa huo. Zimeni simu na redio. Mtu mmoja ajitayarishe kusoma somo. Mpeni kaka yako.